Mguu Mmoja, Mibofyo Miwili

Video ipo, na kwa bahati mbaya inaonekana vizuri sana. Inaonyesha ukumbi mmoja wa sherehe maeneo ya Sinza, Dar es Salaam, Jumamosi iliyopita usiku: bendi jukwaani, maua ya plastiki kila kona, na upande wa kulia mpiga gitaa la solo, suti ya kijivu, akikanyagakanyaga sakafu kama mtu aliyevamiwa na siafu. Huyo mpiga gitaa ndiye mwandishi wa makala haya. Video imeshapita katika kundi la WhatsApp la kamati ya sherehe, la ukoo wa binti, la ukoo wa wakwe na, kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza, la wazazi wa darasa la pili katika shule anayosoma mtoto wa mpiga besi.

Ilikuwa sendofu. Kaka wa binti, kijana mwenye mabega mapana na msimamo mkali, alikuwa ameomba aingie ukumbini na "kitu cha roki", na akaingia nacho. Kwa ajili hiyo mwandishi alikuwa amekanyaga pedali yake ya kukwaruza sauti, kile kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, ambacho huichukua sauti nyororo ya nyuzi na kuirudisha ikiwa na mchanga kooni. Kaka akaketi. Taa zikapunguzwa. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa, wageni waalikwa, anaingia binti mwenyewe akisindikizwa na mama yake mzazi, kwa wimbo anaoupenda mama: "Sina Makosa" wa Les Wanyika.

Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, wanamuziki kadhaa wa Simba Wanyika walipojitenga, na utamu wa wimbo huo wote umejengwa juu ya magitaa safi yanayojibizana taratibu. Hauna pa kuweka mchanga. Mwandishi akashusha mguu kuzima pedali. Kitaa chekundu kikazimika. Kabla kisigino hakijatua, kikawaka tena.

Akakanyaga upya. Kikazimika, kikawaka. Akakanyaga kwa upole wa mtu anayeomba msamaha. Kikapepesa, kikabaki kimewaka. Akakanyaga kwa hasira. Safari hii kikazimika na kubaki hivyo kwa muda wa kutosha kumpa matumaini, halafu mguu ulipoinuka, kikawaka. Binti na mama yake walikuwa wameshafika katikati ya zulia, wakisindikizwa na mngurumo ambao Les Wanyika hawakuurekodi kamwe.

Lililofuata ndilo lililoifanya video iwe video. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kuigeuza kila ajali iwe sehemu ya ratiba, alipaza sauti: "Jamani mwangalieni mpiga gitaa, leo kapandisha!" Shangazi mmoja akamwamini. Alitoka mezani akicheza, noti ya shilingi elfu mbili mkononi, akaibandika kwenye paji la uso la mwandishi, na jasho likaishika barabara. Shangazi mwingine akafuata, kisha mjomba. Kadiri mwandishi alivyokanyaga kwa kukata tamaa ndivyo alivyotunzwa, mpaka foleni ya watunzaji ikaziba zulia, na mama mzazi, mwenye wimbo wake, akasimama na binti mkononi akisubiri watu wamalize kumtunza mtu ambaye hakuwa akicheza.

"Kaka, zima hicho kitu," mpiga kinanda alinong'ona.

"Hakizimiki."

"Basi chomoa."

Akachomoa. Ncha ya waya iliyo wazi ikiguswa na kidole hubeba mvumo wa umeme uliomo ukumbini na kuupeleka moja kwa moja kwenye amplifaya, kwa hiyo spika zikanguruma na mshereheshaji akauliza nani kaleta nyuki. Akachomeka tena. Njia iliyobaki ilikuwa kupunguza sauti kwenye gitaa lenyewe hadi karibu na sifuri, maana pedali za aina hii hukwaruza kwa kadiri ya nguvu inayoingia: ukizipa kidogo, hutoa sauti iliyo karibu na safi. Wimbo ulimalizika hivyo, solo ikisikika na mpiga ngoma peke yake. Kiongozi wa bendi alikata sehemu ya malipo ya usiku ule, akataja "utovu wa nidhamu wa mguu".

Kinachouma zaidi ni kwamba sauti hiyo ya kukwaruza ilizaliwa na hitilafu, tena hitilafu iliyopewa heshima zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio moja ya Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", chaneli moja ya mitambo ya kurekodia ikaharibika, na solo yake ikatoka imechanikachanika. Waliamua kuiacha ilivyo. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliuchunguza ubovu ule, akautengenezea saketi ya transista, akaipeleka kwa kampuni ya Gibson, na mwaka 1962 ikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone FZ-1: transista tatu, betri mbili za volti 1.5 na swichi ya kukanyaga. Yaani ubovu ulifungwa ndani ya sanduku, ukabandikwa bei.

Tangu mwanzo huo swichi imekuwa mahali penye aibu. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia FZ-1 katika "(I Can't Get No) Satisfaction", na mwenye sikio kali husikia ndani ya rekodi yenyewe mlio wa swichi ikikanyagwa, na pahali pengine sauti ya kukwaruza ikichelewa kuingia. Wimbo ulishika namba moja Marekani na Uingereza pamoja na kasoro hizo. Mwandishi ameutaja mfano huu kwa kiongozi wa bendi. Kiongozi wa bendi alisema Keith Richards anajilipa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye swichi. Wapiga gitaa wengi huamini kwamba ukikanyaga pedali unakata waya wa sauti hapa na kuuunga pale. Aina hiyo ipo: ni ile yenye kitufe kinene cha chuma kinacholia "kwa!", na chini yake ina miguu tisa iliyopangwa safu tatu. Safu mbili huhamisha sauti, moja mlangoni na moja kwenye njia ya kutokea, na ya tatu huwasha kitaa. Ikifa, hufa waziwazi, na hata mpiga ngoma anaweza kuithibitishia kifo.

Pedali ya mwandishi ni ya ukoo mwingine, ule ulioenea baada ya kampuni ya Boss ya Japani kutoa pedali zake ndogo mwaka 1977: bamba pana la kukanyagia, betri chini ya bamba, na kiswichi kidogo ambacho sauti haikipitii hata kidogo. (Pedali inayozungumziwa si ya Boss. Ni ya kampuni mojawapo kati ya nyingi zilizoiga umbo hilo, na haitatajwa, kwa sababu mwandishi hana wakili.) Kazi ya kiswichi ni kupeleka taarifa tu kwamba kimebonyezwa. Wenye kuamua ni transista mbili.

Na hapa mwandishi anaomba avumiliwe, kwa kuwa transista hizo mbili zimemnyima usingizi kwa raha zote. Zimefungwa kwa namna ya ajabu: kila moja inapata chakula chake kutoka kwenye mdomo wa mwenzake. Transista ya kwanza ikiwa imewaka, volti ya mdomoni mwake hushuka karibu na sifuri. Ya pili, inayotegemea volti hiyo, inakosa chakula na kulala. Ikiwa imelala, volti ya mdomoni mwake hupanda, na hiyo ndiyo inayomlisha wa kwanza abaki macho. Hali hiyo inaweza kudumu usiku kucha. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosogea, na bado saketi inakumbuka. Waingereza wawili, William Eccles na F. W. Jordan, waliiombea hataza saketi ya namna hii mwaka 1918, enzi za vali za kioo, na kanuni ile ile ya wawili wanaoshikana koo ndiyo inayotunza data katika sehemu za kumbukumbu za kompyuta hadi leo. Mtu anayekanyaga pedali ukumbini Sinza anaamrisha kumbukumbu ya biti moja.

Ukibonyeza kiswichi, mshtuko mdogo wa umeme hupita kwenye kapasita mbili na kuzifikia transista zote mbili kwa pamoja. Iliyolala haiujali. Iliyo macho hupigwa hadi ikazimika, na ikizimika tu, mwenzake anaamka na kumkalia. Zamu imebadilika. Mshtuko mwingine, zamu inarudi. Midomo ya transista hizo imeunganishwa na milango miwili ya sauti, ambayo nayo ni transista za aina nyingine, zile zinazoongozwa na volti bila kula mkondo: mlango mmoja kwa sauti iliyokwaruzwa, mwingine kwa sauti safi. Ukifunguka huu, ule unafungwa. Sauti nzima ya pedali imewekwa juu ya volti nne na nusu, nusu ya betri, ili mlango ukipewa sifuri ujione uko chini sana ya sauti na ufunge kabisa. Mafundi wakaongeza hata rezista kubwa na kapasita ndogo mlangoni ili ufunguke polepole kidogo na spika zisipige "pu!". Watu waliokaa wakafikiria hata jambo hilo walistahili kukumbukwa katika hotuba za sendofu.

Walichokikabidhi yote hayo ni kibati.

Kiswichi chenyewe ni cha mraba, milimita sita kwa sita, na ndani yake mna kibati chembamba kilichobinuka. Ukikibonyeza kinabonyea, kinagusa vipande viwili vya chuma, saketi inafunga. Shida ni kwamba chuma hakigusi chuma mara moja tu. Kinagusa, kinaruka, kinagusa tena, kwa milisekunde chache, ndipo kinatulia. Kidole na sikio havioni lolote. Transista zinaona kila kitu. Kwa macho yao kila mruko ni amri mpya, na kwa kuwa kila amri inabadilisha zamu, matokeo yanategemea idadi: miruko ikiwa witiri, umefanikiwa, ikiwa shufwa, umerudi pale pale ulipokuwa, kitaa kimepepesa, na shangazi anakuja na noti.

Dawa yake inajulikana. Huwekwa rezista na kapasita mbele ya kiswichi ili volti isipande na kushuka kwa ghafla. Rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, kwa mfano, zikifungwa pamoja hutoa kiasi cha milisekunde 10 za utulivu, na miruko yote ya kiswichi kizima hufia humo. Kiswichi kikizeeka, miruko hurefuka ikauvuka muda huo. Hapo ndipo bendi inapogundua kwamba ina mpiga gitaa anayecheza.

Nadharia zilitolewa kwa ukarimu. Mpiga besi alilaumu jenereta ya ukumbi. Mpiga kinanda alisema ni waya. Mpiga ngoma alishauri pedali ipigwe kofi. Jumatatu asubuhi mwandishi aliipeleka Buguruni, kwa fundi redio mmoja mzee ambaye kibanda chake kimejaa feni zisizo na mabawa na mabawa yasiyo na feni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nini hiki, chaja?"

"Pedali ya gitaa. Ukikanyaga inajizima, halafu inajiwasha yenyewe."

"Nani anakanyaga?"

"Mimi."

"Basi tuanzie hapo."

Hakuanzia hapo. Alianza na betri, kama ipasavyo: volti 9.1, nzima. Akafurahishwa mno na jeki ya kuingizia waya, ambayo katika pedali nyingi za betri ndiyo swichi kuu ya umeme. Jeki ina miguso mitatu wakati plagi ya gitaa ina miwili tu, kwa hiyo plagi ikiingia inaunganisha mguso wa kati na wa ardhi, na upande hasi wa betri unapata njia. Ukichomeka waya, pedali iko hai, kitaa kiwake kisiwake. Ukiusahau umechomekwa, asubuhi betri imekwisha. Mzee alichomeka na kuchomoa mara nyingi kuliko uchunguzi ulivyohitaji. "Wamefikiri hawa," alisema.

Kisha akaweka tesita kwenye kiswichi, sehemu ile inayolia, akabonyeza kwa kidole gumba. Pii. Akaachia. Kimya. Pii, kimya, pii, kimya, safi kabisa. Akahamia kwenye transista, akapima midomo yake: moja karibu sifuri, nyingine juu. Akabonyeza. Zikabadilishana. Akabonyeza tena, zikarudi. Kitaa kiliwaka na kuzimika kwa utii ambao mwandishi hakuwahi kuuona.

"Mwanangu, hii nzima."

Akatoza pesa ya kufungua. Nyumbani, usiku ule, mwandishi alivaa viatu aende kwenye mazoezi, akaikanyaga kidogo sebuleni kuipima, na kitaa kikampepesa.

Alirudi. Kidole gumba cha mzee hakikuona kosa. Alirudi tena, na safari hii uhusiano uliingia baridi. Mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejali afya ya mwenzake, kama mwandishi huwa anakunywa kabla ya kupiga. Mwandishi akasema hapana. Mama lishe wa jirani, ambaye alikuwa akifuatilia kesi tangu Jumatatu, akasema vijana wa muziki wote husema hapana.

"Hebu kanyaga mwenyewe," mzee akaamuru, akaiweka pedali chini. Mwandishi akakanyaga na kandambili zake. Ikatii.

"Sasa?"

"Siku ile nilivaa viatu, mzee."

"Viatu gani?"

"Vya suti."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kalete viatu."

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba saa sita mchana, katika kibanda cha Buguruni, mtu alisimama akiwa na kaptura, fulana, na viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi, akaishusha soli kwenye bamba la pedali mbele ya fundi, mama lishe, muuza vocha na wateja wawili wa feni. Kitaa kikawaka, kikazimika, kikawaka. Watu wakapiga makofi. Mzee akachuchumaa na kuomba irudiwe. Kikapepesa tena. Akavua ndala, akajaribu kuvaa kiatu kimoja, kikambana, akakisukumia chini kwa mkono badala ya mguu, polepole, soli ikianza kugusa bamba kwa ukingo. Kitaa kikapepesa mkononi mwake mwenyewe.

"Aah," akasema. "Kumbe."

Kidole gumba hushuka wima na haraka, kibati kinabonyea kwa mkupuo. Soli ngumu huja kwa ukingo, uzito unafika kwa awamu, na kibati kilichochoka hukaa kwa muda katika hali ya kugusa na kutogusa. Kandambili ni laini, inajikunja, inafika yote kwa wakati mmoja. Na tesita? Tesita za kawaida huchukua muda kuamua kama zilie au zisilie, na zikishalia huvuta mlio. Jambo linaloanza na kwisha ndani ya milisekunde chache limepita kabla hazijafungua kinywa. Kifaa ambacho kingeonyesha miruko ni osiloskopu, ambayo mzee hana. Alikuwa na kiatu.

Alikitoa kiswichi kwa kuyeyusha risasi, akakipasua kwa wembe. Kibati kilikuwa cheusi katikati. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu wa kutosha kufanya kazi hiyo bila kusaidiwa, lakini ilisaidiwa: kulikuwa na gamba la rangi ya chungwa pembeni, sukari ya soda iliyomwagika ukumbi fulani, mwaka fulani, na mgeni fulani aliyekuja kuomba wimbo akiwa na glasi.

Dawa ilitoka kwenye deki ya DVD iliyokufa. Vile viswichi vya mraba ni vile vile dunia nzima, kwenye deki, kwenye televisheni, kwenye redio za magari, na mzee alichagua cha kutolea diski, akisema hicho huwa hakibonyezwi sana, maana watu huacha diski ndani. Akakipachika. Juu yake akaongeza kapasita ya mikrofaradi 0.1 sambamba na iliyokuwepo, na kwa kuwa kapasita zikifungwa sambamba hujumlishwa, muda wa utulivu ukawa maradufu. Kiatu kikashuka. Kitaa kikawaka. Kikabaki kimewaka. Tangu siku hiyo muziki wa dansi unaopigwa na mwandishi unategemea kitufe cha kutolea filamu.

Kabla ya kufika kwa mzee kwa mara ya mwisho, mwandishi alikuwa amefanya linalotakiwa na maelekezo: aliwasiliana na waliouza pedali, nao wakawasiliana na waliowauzia. Jibu lilirudi kwamba kiswichi hakiuzwi peke yake. Bodi haiuzwi peke yake pia. "Bro, hiyo ikifa unachukua mpya," aliandika kijana wa duka, bila ubaya wowote, akaambatanisha bei. Pedali ilikuwa na transista nzima, kapasita nzima, jeki nzima, sanduku la chuma litakaloishi kuliko sote, na ushauri wa kitaalamu ulikuwa iende jalalani kwa ajili ya kibati ambacho mtaani ni shilingi mia tano, na kwa mzee kilikuwa bure.

Hapo kicheko kinakauka. Karatasi za viwanda zinaeleza wazi kwamba viswichi vya milimita sita vinahitaji nguvu ya uzito wa gramu 100 hadi 260 hivi ili vifunge, na kwamba vya bei ya chini huhesabiwa kudumu mibonyezo 100,000, huku vilivyo bora vikifika milioni na kuendelea. Waliochora pedali hiyo walijua itakanyagwa na mtu mzima aliyevaa viatu, katika kumbi zenye bia. Walijua pia bei ya kilicho bora. Wakaweka cha chini, wakakizungushia bodi ambayo haifunguki bila kung'oa vitasa, halafu wakakataa kuuza spea. Huo ni uamuzi, uliokaliwa kikao na watu wenye chai. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la haki ya kutengenezewa bidhaa, na orodha yake ina mashine za kufulia, majokofu, simu, hata mashine za kuchomelea vyuma. Pedali za gitaa hazimo. Na hata zingekuwamo, agizo la Brussels haliwezi kumbana muuzaji wa Kariakoo ambaye mwenyewe hauziwi spea. Wanamuziki wa huku, ambao kwao pedali moja inaweza kula malipo ya maonyesho kadhaa, ndio wanaolipia gharama ya kibati mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili kwa kiongozi wa bendi anayekata mshahara. Mafundi wenye viatu vya kupimia ni wachache, nao wanazeeka.

Mzee alitoza pesa ya kufungua mara moja tu kwa safari zote, akakataa ya kiswichi. Alitaka aachiwe viatu hadi Ijumaa. Kuna mteja mwingine mwenye cherehani ya umeme inayoshtuka ikikanyagwa.

Visa vingine ni vya kawaida. Pedali ya mwangwi ya mpiga kinanda ilibadilishwa swichi ya miguu tisa na kijana wa Ilala aliyekaa na chuma cha moto juu ya mguu mmoja mpaka plastiki ya ndani ikalainika, na sasa kitaa kinawaka sauti ikizimwa. Waya wa mwandishi ulikatika kanisani katikati ya sadaka, ukapokelewa kwa "Amina".

Pedali ya mpiga besi inanasa redio. Katika baa moja ya Temeke ilileta mahubiri ya jioni, kwa sauti safi, juu ya meza za nyama choma, na baadhi ya wateja walilipa bili zao na kuondoka mapema. Mpiga besi haamini kwamba ina hitilafu. Mzee wa Buguruni ameipokea, ameiweka kwenye foleni nyuma ya feni na blenda, na ameuliza ni viatu gani vilivaliwa.